Baba Mkubwa na Redio za Nakivale

Ufundi unaonilisha leo mjini Mbarara nilifundishwa na mtu ambaye hakuwahi kushika cheti hata kimoja. Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, alikuwa fundi redio Kiwanja, huko Rutshuru, mashariki mwa Kongo, tangu nchi ikiitwa Zaire. Vita vya mwishoni mwa 2008 vilipotutimua, watu walibeba magodoro, masufuria na mbuzi. Yeye alibeba mfuko wa bisibisi, koili na spika kuukuu, na Mama Mkubwa hakuwahi kumsamehe ile sufuria kubwa iliyobaki jikoni. Tulivukia mpakani Ishasha, tukaingia Uganda, tukapakiwa kwenye malori, tukateremshwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Nakivale ilikuwa imezoea wageni. Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walifikia hapo kabla Uganda haijapata uhuru. Wenyewe hukataa kupaita kambi, kwa kuwa hapana uzio: unapewa kipande cha ardhi ulime, na sheria ya 2006 inakuruhusu kufanya kazi na kwenda utakako. Kilimo kilimshinda Baba Mkubwa tangu mwanzo. Mama Mkubwa akashika jembe, akapanda mahindi na maharage; mume wake akaweka meza chini ya turubai pale Base Camp, akaniambia nikitoka shule nije nishike taa.

Kushika taa ndiyo ilikuwa shule yenyewe. Hakuniruhusu kufungua redio kabla sijaisikiliza. Ikikwaruza unapozungusha sauti, uchafu umeingia kwenye kitufe, na tone la petroli litatosha. Ikivuma mfululizo, kapasita imechoka. Ikinyamaza kabisa, usikimbilie bisibisi. Tazama kwanza mahali pa mawe, yaani betri, maana mawe ya bei rahisi huvuja na kula vile vyuma vyake. Hapo alitumia ndimu na kipande cha msasa. Chuma cha kuchomelea alikipasha moto kwenye jiko la makaa, akakipitisha karibu na shavu kupima joto, jambo lililonitia hofu kila mara.

Ugonjwa mkubwa wa zile redio za zamani ulikuwa uzi unaovuta mshale wa stesheni. Alijaribu uzi wa cherehani, ukakatika. Akajaribu mshipi wa nailoni, ukateleza kwenye gurudumu, ikawa unazungusha kitufe na mshale hausogei. Mwishowe mvuvi mmoja wa Ziwa Nakivale alimletea uzi uliosokotwa, ule wa kushonea nyavu, na tangu hapo redio za wakimbizi wa mataifa mengi zikawa zinatafuta stesheni kwa uzi wa wavuvi. Spika iliyochanika aliibandika karatasi ya daftari kwa uji mzito wa muhogo, akaianika kivulini, kwani juani karatasi hukunjamana na sauti ikatoka puani.

Alikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la masafa: saa za BBC kwa Kiswahili, kwa Kisomali, kwa Kinyarwanda na Kirundi, saa za Radio Okapi ya Kongo, na baadaye za idhaa ya Kiswahili ya RFI iliyoanza 2010. Msomali akija kuchukua redio yake aliikuta tayari imetegwa kwenye lugha ya kwao. La pili lilikuwa la madeni, na kwa maoni yangu lilikuwa daftari la aibu. Watu walilipa kwa mahindi ya mgao, kwa sabuni, kwa ahadi. Mama Mkubwa aliliita kitabu cha sadaka.

Januari 2009 Laurent Nkunda, kiongozi wa waasi wa mashariki mwa Kongo, alipokamatwa Rwanda, habari ilitukuta mezani. Watu walibanana mpaka kamba za turubai zikalegea. Wapo walioshangilia, wapo walioinamisha vichwa, maana Nakivale ina watu wa kila upande wa vita vile. Nilisubiri Baba Mkubwa aseme neno. Alingoja habari iishe, akazima, akasema, “Mumesikia wote sawasawa. Sasa kila mtu arudi kwake.” Hapo nilianza kumwelewa. Hakupenda redio kwa sababu ya waya zake. Alipenda kwamba mtu wa kabila hili na wa kabila lile wanaweza kusikia sentensi moja kwa wakati mmoja, na hakuna anayeweza kumdanganya mwenzake baadaye.

Ndiyo maana simu hakuzipenda. “Hiyo ni ya sikio moja,” alisema. Mimi nilizipenda, kwa kuwa zililipa. Nilianza kwa kuzichaji kwa sola, nikahamia Mbarara kufanya kazi ya kubadilisha vioo na chaji kwenye duka la mtu. Alipokuja mjini kununua kapasita na transista, aliniletea maharage, akakaa kwenye stuli yangu, akawatazama wateja wakiondoka mmoja mmoja wameinamia vioo vyao. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama kuna mahali hapa mjini wanauza redio mbovu.

Nisisahau rumba. Kwa nyimbo za Franco alikuwa tayari kuacha chakula kipoe. Papa Wemba alipoanguka jukwaani Abidjan na kufariki, Aprili 2016, alifunga meza, akapokea rambirambi kutoka kwa majirani kana kwamba amefiwa na ndugu.

Machi 2020 serikali ya Uganda ilifunga shule kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022. Masomo yakahamia redioni na kwenye televisheni. Nakivale wenye televisheni walihesabika, kwa hiyo watu walifukua redio zilizokuwa zimelala chini ya vitanda kwa miaka, zimejaa mende. Mjini kazi ilikuwa imesimama. Nilirudi, tukakaa meza moja. Macho yake yalikuwa yamefifia, basi sasa yeye ndiye aliyeshika taa na mimi nikachomelea. Alisikiliza kila redio kabla sijaigusa, akaniambia inaumwa nini, na mara chache sana alikosea. Mchana tuliacha moja wazi kwa sauti kubwa, watoto wakakaa chini na madaftari magotini, na yeye akawafokea waliopiga kelele wakati wa hesabu.

Alifariki kabla shule hazijafunguliwa, tukamzika Nakivale. Kwenye rafu ziliachwa redio nyingi, kila moja na plasta yenye jina la mwenyewe. Wengine walikuwa wamerudi Kongo, wengine wamepelekwa Kanada na Marekani. Nilizitengeneza zote nilizoweza, kisha nikazipanga upya.

Mwaka jana mtu mmoja alinipigia kutoka Marekani. Alikuwa amepata namba yangu kwa watu, akataka kujua kama redio ya marehemu mama yake bado ipo. Nilimwambia ipo, na inaongea. Akauliza anadaiwa kiasi gani, atume kwa simu. Nikafungua kitabu cha sadaka, nikamsomea kama kilivyoandikwa: maharage, kilo mbili, msimu ukiiva.

“Basi nitatuma pesa ya maharage,” akasema.

Mama Mkubwa, aliyekuwa amekaa pembeni akisikiliza, akaniambia nimuulize ni ya msimu gani, kwani bei imepanda.