Barua Isiyo na Salamu

Walimu wenzangu, nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada ya ualimu, mkufunzi wetu alitufundisha barua kwa utaratibu usiokiukwa: anwani, tarehe, salamu, kisha ndipo nia na madhumuni. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimewapitisha wanafunzi wangu wa hapa mashariki ya Uganda katika njia hiyo hiyo, na aliyeniletea barua isiyo na salamu nilimrudishia daftari lake.

Basi msistaajabu nikisema kwamba nilipojiunga na LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi ulioanza mwaka 2003, nilianza kwa kuwasalimu watu. Aliyenishawishi ni kijana anayefundisha kompyuta shuleni kwetu. “Mwalimu,” aliniambia, “kazi za kutafsiri na za kufundisha watu wazima nyingi siku hizi hupitia huko.” Nami karo za watoto wawili zilikuwa zimenikaba koo. Nikaandika: hamjambo nyote ndugu wapendwa, ni matumaini yangu kuwa mu wazima wa afya, ama kwa upande wangu sijambo. Kwa wiki nzima andiko hilo likajibiwa na mtu mmoja tu, naye ni mke wangu.

Yule kijana alicheka hata akatoa miwani. Akanieleza kwamba mtandao huonyesha mistari michache ya mwanzo tu. Iliyobaki hufichwa mpaka msomaji abonyeze neno la kuifungua. Andiko laweza kufika herufi 3000, lakini hatima yake huamuliwa katika mistari miwili au mitatu. “Wewe umepiga hodi mpaka mwenye nyumba amelala,” akasema.

Nikawa mwanafunzi tena. Nilijifunza kuanza na jambo lenyewe, kushika jambo moja tu, kukata aya fupi kwa kuwa wengi husomea simu, na kumaliza kwa swali ambalo mtu aweza kulijibu. Nilijifunza pia kuyaepuka yale matangazo ya “nina furaha kubwa kuwajulisha,” ambayo huko yamejaa hata mtu akashuku kama duniani kuna furaha kiasi hicho. Siku moja niliandika hivi: “Kiboko ni mnyama wa mtoni. Mbona babu zetu walichapwa nacho?” Kisha nikaeleza habari za mijeledi iliyotengenezwa kwa ngozi ya mnyama huyo, nikauliza wenzangu wanaiitaje fimbo ya mwalimu kwao. Majibu yalitoka Kigali, Bujumbura, hata Muscat. Waama, nilivimba kichwa.

Na hapo ndipo nilipokosea.

Katika darasa langu la jioni la wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Busia yumo mama mmoja aliyenizidi umri. Amenipa ruhusa niyasimulie haya, mradi nisimtaje jina. Mwanzoni alikuwa akitetemeka kila niliposema “toka.” Baadaye alinieleza sababu. Mwaka 1977, yeye akiwa mtoto, askari walifika kwao usiku wakamwamuru baba yake atoke nje. Ninyi mliokulia pwani huenda msilihisi jambo hili kama sisi: Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini wengi katika kizazi cha mama huyu walikijua kwanza katika vinywa vya watu wenye bunduki. Ndiyo maana hata baada ya Baraza la Mawaziri kuidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, bado wako wazee wanaokunja uso wakikisikia.

Niliandika habari hiyo bila kutaja jina. Mstari wa kwanza ulikuwa: “Neno la kwanza la Kiswahili alilolisikia lilimchukua baba yake.” Maelfu waliusoma. Siku ya nne shirika moja la Kampala likaniandikia, likiniomba niwafundishe wafanyakazi wake kwa miezi mitatu. Karo ikapatikana.

Jioni moja mama yule alibaki darasani wenzake walipotoka. Binti yake alikuwa amemsomea.

“Mwalimu, ile habari ni yangu.”

Nikaanza kujitetea kwamba sikumtaja.

“Sikulaumu kwa jina. Mbona hukuandika kwamba baba alirudi? Nilikwambia. Alirudi siku ya tatu. Alifariki mwaka 2004, kitandani kwake, sisi sote tukiwapo.”

Ni kweli alikuwa ameniambia. Sentensi hiyo nilikuwa nimeiandika, kisha nikaifuta, kwa kuwa nilipoisoma niliona habari yote inapoa. Mimi ninayewakata wanafunzi alama kwa koma iliyokosekana, nilimwondoa mtu mzima katika uhai wake ili mstari wangu usimame vizuri.

Usiku ule nililisahihisha andiko. Mtandao hukubali kusahihishwa, lakini wale maelfu walikwisha kupita, hawakurudi kusoma mara ya pili. Niliwaandikia pia wale wa Kampala nikawaeleza. Walinijibu kwa sentensi moja: masomo yataanza Jumatatu kama tulivyopatana. Nilikwenda, nikafundisha, nikalipwa. Mpaka leo sijui niihesabuje ile fedha.

Mama yule hakuacha darasa. Siku hizi nikitaka kuandika habari za mwanafunzi yeyote, humsomea mwenyewe kwanza, na asiporidhia siichapishi. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya huyu mama tena: andiko juu ya namna alivyobishana bei ya nyanya kwa Kiswahili ng'ambo ya mpaka, akashinda. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

“Yote ni kweli, Mwalimu. Lakini mbona hujawasalimu watu?”

Nikalirudia andiko, nikaweka “Hamjambo” mwanzoni.