Kwa Nini Nataka Kujifunza Kijerumani

Tangu nilipowaambia wenzangu wa kidato cha sita kwamba nataka kwenda chuo kikuu kujifunza Kijerumani, wengi wamenicheka. Mmoja aliniuliza, "Je, hapa Nyamyumba utazungumza na nani? Na samaki wa Kivu?" Swali lake si baya. Basi nimeomba nafasi katika gazeti letu nipate kulijibu, na kueleza jambo lililotokea nyumbani kwetu. Maana bila jambo hilo nisingalifikiri habari za lugha hii hata siku moja.

Kwetu ni Nyamyumba, wilaya ya Rubavu, kusini ya mji wa Gisenyi. Upande mmoja tuna ziwa, upande wa pili vilima vya migomba na kahawa. Usiku huonekana taa za wavuvi wa sambaza, na asubuhi wafanyakazi huteremka kwenda kiwanda cha bia. Baba yangu ni mkulima. Zamani alikuwa na ng'ombe wawili. Sasa anaye mmoja.

Miaka mitatu iliyopita kaka yangu alikutana na dalali mmoja mjini. Dalali alimwambia kwamba Ujerumani kuna upungufu mkubwa wa wauguzi, na kwamba yeye aweza kumpatia kazi hospitalini. Kaka akauliza habari ya lugha. Akajibiwa, "Hiyo utajifunza huko huko." Kisha akaonyeshwa karatasi yenye maandishi ya Kijerumani na mhuri wa buluu, akaambiwa kwamba huo ndio mkataba. Baba aliigeuza karatasi ile huku na huku. Hakuna mtu nyumbani aliyeweza kusoma hata neno moja, lakini mhuri tuliuona sote, nasi tukauamini. Baba akauza mtamba, dalali akapokea fedha, na tangu siku hiyo simu yake haikupokelewa tena.

Baada ya miezi miwili kaka alimpelekea karatasi hiyo padre mmoja aliyewahi kusoma Ujerumani. Padre aliisoma kwa muda mfupi tu, akavua miwani yake. "Mwanangu," alisema, "huu si mkataba. Hii ni fomu tupu ya kujiandikisha darasa la lugha, daraja ya kwanza. Mtu yeyote aweza kuipata bure."

Siku ile nyumba yetu ilikuwa kama yenye msiba. Baba hakumgombeza kaka. Alisema tu, "Nisisikie tena neno Ujerumani katika nyumba hii." Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini mimi nilianza kufikiri kwa njia nyingine. Niliona kwamba dalali hakutushinda kwa akili. Alitushinda kwa sababu karatasi ilikuwa mkononi mwetu, na sisi hatukuweza kuisoma. Rafiki yangu husema, "Siku hizi simu hutafsiri kila kitu." Ni kweli, na simu ilikuwapo nyumbani siku ile. Lakini mtu asiyejua kitu hajui hata la kuuliza; sisi tulikuwa tumekwisha kuamini. Tena simu haiwezi kukaa mtihani badala yako.

Nikaanza kutafuta habari za kweli. Nikagundua kwamba jambo lenyewe ambalo dalali alilitumia kama chambo si uongo. Wauguzi wanatakiwa kweli Ujerumani, na mwezi wa Septemba mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitia sahihi mapatano na Ujerumani mjini Berlin juu ya wafanyakazi. Ila mlango wa kazi hiyo ni lugha. Ujuzi wa lugha za Ulaya hupimwa kwa daraja sita, kuanzia A1 hadi C2, na muuguzi anayetoka nchi za kigeni huhitaji kufika daraja ya nne, yaani B2, ndipo akubaliwe kuwa muuguzi kamili. Kwa hiyo yeyote anayesema "utajifunza huko huko" ama hajui, ama anadanganya.

Na masomo pia ni hivyo hivyo. Vyuo vikuu vingi vya serikali Ujerumani havitozi ada ya masomo, lakini mwanafunzi mgeni hutakiwa aonyeshe fedha za kumtunza. Mwaka 2024 kiasi hicho kilikuwa yuro 11,904 kwa mwaka. Baba hana fedha hizo, wala sitamdanganya kwamba nitazipata njiani. Lakini si lazima mtu aanzie ng'ambo. Kijerumani hufundishwa Makerere, Kampala, na katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Na hapa kwetu Kigali iko Goethe-Institut. Aliyekwisha kuijua lugha aweza kuwa mwalimu, mfasiri, kiongozi wa watalii, au karani wa kampuni inayouza kahawa, maana Wajerumani ni wanywaji wakubwa wa kahawa, na kahawa iko vilimani petu. Tena tangu mwaka 1982 nchi yetu ina urafiki na jimbo la Rheinland-Pfalz, ambalo mji wake mkuu ni Mainz, na shule nyingi za huku zimeungana na shule za huko. Barua huandikwa na wageni huja. Ni vizuri awepo mtu wa upande wetu anayesikia yote yanayosemwa.

Hizo ni faida za mkate. Iko faida nyingine, nami naiona kuwa kubwa zaidi.

Nchi yetu ilikuwa sehemu ya koloni la Wajerumani hata mwaka 1916, Wabelgiji walipoingia. Mwaka 1894 Götzen alipita Rwanda, akamwona Mwami Kigeri Rwabugiri, akafika ziwa letu la Kivu. Mwaka 1914 askari wa Wajerumani walikiteka kisiwa cha Ijwi, kilichomo ziwani humu. Mambo hayo yaliandikwa na wao, kwa lugha yao. Mwaka 1907 na 1908 ilikuja safari ya wataalamu pamoja na Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg. Mmoja wao, Jan Czekanowski, alikusanya mafuvu ya watu na kuyapeleka Berlin. Mwaka 2023 wakuu wa makumbusho ya huko walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: katika mafuvu yapatayo 1,100 yaliyotoka Afrika ya Mashariki, zaidi ya 900 yalitoka Rwanda. Hao walikuwa wazee wa watu. Maandishi juu yao yamo katika madaftari ya Kijerumani. Je, tungoje mpaka lini wengine watusomee habari za wazee wetu? Mimi naona ni kama karatasi ya kaka yangu, ila hii ni kubwa zaidi.

Wala sisi si wageni kabisa wa lugha hii. Neno "shule" tunalolisema kila siku limetoka kwa Wajerumani, na "ishuri" la Kinyarwanda ni ndugu yake. "Hela" ni ile sarafu yao ndogo iliyotolewa mwaka 1904. Mia moja zilifanya rupia moja. Na zamani zile Mwafrika, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, alikwenda Berlin kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Ikiwa wao waliona faida ya kujifunza lugha yetu, sisi tuone aibu gani kujifunza yao?

Wengine husema Kijerumani ni kigumu. Nami nimeonja kidogo, maana padre yule aliniazima kitabu na kamusi. Kweli majina yao yana jinsi tatu, na msichana kwao hana jinsi ya kike! Lakini mtoto aliyekulia katika ngeli za Kinyarwanda na Kiswahili ataogopaje makundi matatu tu? Mengine yanafurahisha. Hospitali kwao ni "nyumba ya wagonjwa", na glovu ni "kiatu cha mkono". Nilipoyajua hayo nilicheka peke yangu, nikaona kwamba kila watu wana njia yao ya kuitazama dunia, na anayejifunza lugha ya pili hupewa dirisha la pili.

Likizo iliyopita ilinipasa kumwambia baba, maana karatasi za kuomba chuo zilihitaji sahihi yake. Niliogopa sana. Nilipomaliza kusema, alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaingia chumbani, akatoka na ile fomu yenye mhuri wa buluu. Sikujua kwamba alikuwa ameitunza miaka yote hiyo.

"Soma," akaniambia.

Nilimwomba siku sita. Kila jioni, baada ya kukata majani ya ng'ombe, nilikaa na kamusi. Jioni ya sita nilimsomea neno kwa neno mbele ya mama na kaka: jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, daraja ya darasa, mahali pa kutia sahihi. Hapakuwa na neno la kazi, wala la mshahara, wala la hospitali.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema polepole, "Kumbe karatasi hii haikusema uongo hata kidogo. Aliyesema uongo ni yule aliyetusomea."

Akachukua kalamu, akatia sahihi. Lakini aliniwekea sharti moja: nisiwe mtu wa kuwasomea watu uongo. Na kaka yangu, aliyekuwa amekaa kimya pembeni, akaniomba kamusi.

Basi, mwenzangu uliyeniuliza nitazungumza na nani hapa Nyamyumba, jibu langu ni hili. Sijui kama nitapata nafasi chuoni. Hayo yategemea mtihani wetu. Lakini nikiipata, siku moja mkulima wa kilima chetu akiletewa karatasi yenye mhuri, kabla hajauza ng'ombe wake, atakuwa na mlango wa kubisha.