Siyo mapepo, shangazi

Shangazi, kuhusu mdogo wetu anayerusharusha mikono, anadondosha vikombe na mwandiko umeharibika: msikimbilie kusema mapepo, wala mwalimu asimchape. Miezi ya nyuma aliumwa koo? Kuna bakteria wa koo, streptokoka, wanaofanana kidogo na sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Kinga ya mwili ikiwapiga wao, inaupiga na ubongo. Huitwa korea ya Sydenham (siyo ile nchi, hahaha), daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1686. Huwapata zaidi wasichana wa miaka 5 hadi 15.

Kurusharusha kwenyewe mara nyingi huisha. Mimi naogopea moyo, maana kinga hiyohiyo huharibu vali zake kimyakimya. Apelekwe hospitali, apigwe ultrasaundi ya moyo. Wakithibitisha, ni sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka, hata mikono ikishatulia. Inauma, najua, atalia sana.