Barua kwa Zuhura: Mle Wapi Disney World

Orlando, Florida

Mwanangu Zuhura,

Nimefurahi mno kusikia mnakuja Disney World na watoto mwezi wa Agosti. La chakula umeniuliza kwa maneno machache, nami naona ndilo linalotaka barua nzima, maana mtoto mwenye njaa katika joto la Florida haoni raha ya kitu chochote.

Fedha zenu za mgahawa ziwekeni kwenye mlo mmoja wa kukaa kitako, na mlo huo uwe Sanaa. Mgahawa huu uko Kidani Village, sehemu ya hoteli ya Animal Kingdom Lodge, nje ya lango la bustani, kwa hiyo hamhitaji tiketi kuingia. Kutoka bustani ya Animal Kingdom kuna basi la bure. Madirisha ya Sanaa yanatazama uwanda wa nyasi, na twiga na pundamilia hupita mnakula. Mapishi yake yamechanganya Uhindi na Afrika. Agizeni kwanza mikate: inakuja ya moto, ya aina kadhaa, pamoja na vibakuli vya chatne na vya kuchovyea. Watu wa pwani kama sisi hatuhitaji kufundishwa meza ya namna hiyo. Ila nendeni mchana au alasiri. Baada ya magharibi mtakula vizuri, lakini wanyama hamtawaona, na hao ndio watoto watakaowakumbuka.

Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, nazo huisha upesi. Kwa kuwa mtalala hoteli ya Disney yenyewe, siku 60 kabla ya kufika mnaweza kuweka nafasi za ziara yenu yote, hadi siku 10. Mkikosa, msikate tamaa. Angalieni kwenye programu ya Disney kila asubuhi, kwani watu hufuta. Na nyinyi mkibadili nia, futeni mapema, la sivyo mtatozwa kwa kila kichwa.

Mumeo, najua, atapenda Boma, bafe iliyo jengo la jirani, Jambo House. Mtoto wenu mdogo hajafika miaka 3, kwa hiyo halipiwi. Watoto wa miaka 3 mpaka 9 wana bei yao. Lakini sikiliza hili: pale kuna kitamutamu chenye mistari kama pundamilia, ambacho kila mtu atawasifia. Kimetengenezwa kwa Amarula, na Amarula ni pombe. Watoto wasikiguse, wala nyinyi. Kwa vyakula vingine, mwombe mhudumu akuitie mpishi. Hutoka mwenyewe na kueleza kila sahani, na usione haya kumuuliza kuhusu nyama.

Ndani ya Animal Kingdom, tembeeni Harambe polepole, kwani kijiji hicho kimeiga miji ya pwani yetu, Lamu hasa, na watoto wataweza kusoma vibao vyenyewe. Chakula cha mchana, hata hivyo, kaleni Satu'li Canteen, upande wa Pandora. Hapo unajichagulia bakuli lako na cha kuweka juu yake. Agiza kwa simu saa tano, kabla foleni haijajaa. Siku ya bustani ya Magic Kingdom nendeni Columbia Harbour House mkakae ghorofani. Kuna utulivu kuliko chini.

Siku nyingine zote bebeni chakula chenu. Wanaruhusu, mradi si vyombo vya kioo wala pombe. Chapati za kukunja, matunda, na njugu zinatosha kuwafikisha jioni. Maji msinunue: kwenye migahawa ya kujihudumia ombeni kikombe cha maji ya barafu, hutolewa bure.

Nitumie tarehe zenu kamili wiki hii, ili nami niamke siku nafasi zinapofunguliwa nikusaidie kuipata ya Sanaa. Nihesabu mimi na mjomba wako.

Wabusu watoto.

Shangazi yako