Maji ya Kunywa kwa Mgeni Afikaye Kolwezi

Mgeni atokaye ng'ambo kuja Kolwezi huwa ameonywa vema juu ya mbu, chandarua na chanjo ya homa ya manjano. Juu ya maji huambiwa neno moja tu: chemsha. Neno hilo ni jema, ila katika nchi yetu ya shaba halitoshi.

Mwaka jana mdogo wangu alitujia hapa Manika kutoka Ubelgiji, pamoja na mkewe na watoto wawili waliozaliwa huko. Nilipomwekea mezani maji yaliyochemshwa, alicheka: "Yaya, mayi hii tulikunywaka tangu utoto!" Kweli tuliyanywa. Lakini baada ya miaka 20 ya Ulaya tumbo husahau, na matumbo ya watoto wake hayakujua kamwe. Waganga wanaotunza wasafiri wanalijua jambo hili: homa ya matumbo huwapata warudio kuzuru jamaa kuliko watalii. Mtalii huogopa kila kikombe. Mwana wa nyumbani hanywi kwa hofu.

Siku ya nne binti yake wa miaka mitatu alikunywa maji ya kisima kwa jirani, na kesho yake akaanza kuharisha vibaya. Kipindupindu tunakijua katika nchi hii, basi hatukungoja. Usiku kucha tulimpa kwa kijiko lita moja ya maji yaliyochemshwa, yenye sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, na kulipopambazuka tukampeleka kwa waganga. Alipona, Mungu ashukuriwe.

Toka hapo mdogo wangu akawa na bidii kupita kiasi. Alinunua vidonge vya klorini, akatembea navyo mfukoni. Siku moja, upande wa Musonoi, alichota maji ya kijito chini ya machimbo, maangavu kama kioo, akatia kidonge. Nikamwambia ayamwage.

Maana moto na klorini huua vijidudu, lakini shaba, kobalti na risasi si viumbe hai, haviuliki. Tena ukichemsha maji yenye madini, mvuke hupanda na madini hubaki sufuriani, katika maji machache kuliko kwanza. Wala uangavu si dalili njema. Maji ya asidi mara nyingi hung'aa sana. Mwaka 2012 mashirika ya Kikristo ya Uswisi, Fastenopfer likiwamo, yalitoa taarifa juu ya maji ya asidi yaliyokuwa yakimwagwa kuelekea mto Luilu, karibu nasi. Na ng'ambo ya mpaka, Zambia, tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa la takataka za mgodi ulibomoka karibu na Chambishi. Asidi ikafika mto Kafue, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba.

Kwa hiyo mgeni sharti aulize kwanza: haya yametoka wapi? Yakiwa ya bomba, au ya kisima kirefu kilichopimwa, hapo ndipo kuchemsha kunafaa. Kolwezi iko juu, mita 1,400 na zaidi, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hata hivyo yakitokota dakika moja kamili yatosha. Yapoe yakiwa yamefunikwa. Chupa ya dukani iwe na kifuniko kisichovunjwa. Barafu nayo ni maji, wengi husahau, na ya kusukutulia meno pia. Wengine husema bia ni salama kuliko yote. Labda, lakini mtoto hapewi bia.

Mgeni wa majuma mawili hataugua kobalti kwa kikombe kimoja. Hatari hiyo ni ya mama achotaye pale pale kijitoni mwaka hata mwaka, maana bomba halifiki kwake, na chupa ya dukani hawezi kuinunua. Mdogo wangu alipoondoka alituachia vidonge vyake vyote. Nilimpelekea mama mmoja wa upande ule, naye akaniuliza kama vinaondoa ladha ya chuma. Nikamjibu kwamba haviondoi.