Timazi ya Fundi

Seremala aliyetundika milango tangu ujana wake hahitaji kuelezwa maana ya wima. Daktari alipoiweka picha ya goti mbele ya taa, mzee yule wa Mji Mkongwe hakuuliza mengi. Aliuona mstari mwembamba mweusi kati ya saruji na mfupa wa muundi, akasema: "Mwanangu, hapa pameachia."

Goti hilo la bandia, chuma juu, chuma chini na plastiki ngumu katikati, alitiwa ng'ambo miaka 9 iliyotangulia. Kwa miaka 8 alipanda ngazi za nyumba yake bila ya kushika ukuta. Kisha yakaja maumivu ya hatua za mwanzo: akiinuka kitini huuma, akishakwenda kidogo hupoa. Bamba la chini lilikuwa limezama upande wa ndani, na matege yake ya zamani yakaanza kurejea.

Waganga wa mifupa nao wana timazi yao: mstari utokao katikati ya kichwa cha mfupa wa paja, nyongani, hadi katikati ya kifundo cha mguu. Mwaka 1991 madaktari wa Uingereza walichapisha habari za magoti 115. Pale mstari ulipopita theluthi ya kati ya goti, yaliyolegea yalikuwa asilimia 3. Ulipokwenda kando, asilimia 24. Hesabu ya kuogofya! Lakini mwaka 2010 wenzao wa Mayo Clinic, Marekani, walitazama magoti 398, wakakuta kwamba baada ya miaka 15 yaliyonyooshwa hayakuyashinda yaliyopinda kidogo. Kuna na unga wa plastiki unaosagika, ambao mwili huupiga vita, na katika vita hivyo mfupa wenyewe huliwa. Wapo wasemao leo kuwa mwenye matege asinyooshwe kabisa.

Mzee alicheka. Mlango ulioinama hula bawaba moja, alisema. Lakini aliwahi kuufuata ukuta uliopinda, na mlango ukafunga.

Maji ya goti yalivutwa kwa sindano. Hayakuwa na vijidudu. Kilichobaki ni kisu cha pili, na chuma chenye shina refu ndani ya muundi. Ana miaka 74. Mkewe hataki: "Bwana, tumeshalizoea, tutakaa nalo." Naye anajua kwamba akingoja sana, hapatabaki mfupa wa kushikia.

Jioni ile alisimama barazani, akampa mjukuu timazi aishike penye nyonga. Uzi ukashuka, ukapita upande wa ndani wa goti, mbali nalo kiasi cha vidole viwili.

"Shika vizuri," alisema.

Mtoto akashika vizuri. Uzi haukusogea.