Okidi yako yaugua? Dawa ni makumbi ya Kwale

Msomaji, ukijaliwa kufika Mombasa wakati wa likizo, usiishie kuogelea tu. Vuka kwa feri ya Likoni, panda matatu ya Kwale na ukae karibu na dirisha. Gari litashika barabara ya pwani hadi Kombani, kisha likate kulia na kuanza kupanda milima ya Shimba. Njiani utaona minazi, na kando ya nyumba marundo ya makumbi, yale maganda yenye nyuzinyuzi yanayobaki nazi ikishafuliwa.

Kwa wenyeji, makumbi ni kuni au kamba. Kwako wewe mwenye okidi inayonyauka dirishani huko Nairobi, Nakuru au Eldoret, makumbi ni dawa.

Lakini kabla hujaokota hata moja, ingia kwanza msituni ujionee okidi inavyoishi kwao. Shimba Hills ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na wengi huenda huko kutazama palahala na ndovu. Wewe inua macho juu ya matawi. Ukibahatika utaiona okidi ambayo wataalamu huiita Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoadoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Kwa kawaida haigusi ardhi. Baadhi ya mizizi yake hushika gome, na mingine huchomoza juu kama sindano, ikawa kikapu cha kudaka majani makavu yaangukayo. Mvua ikinyesha mizizi hulowa. Upepo ukivuma hukauka upesi. Wala hainyonyi mti huo. Mti kwake ni kiti tu.

Sasa tazama tunavyoitenda okidi mijini. Nyingi zinazouzwa madukani ni zile ziitwazo Phalaenopsis, ambazo asili yake ni Asia, nazo pia ni za mitini. Mtu humnunulia mama yake zawadi kwa bei isiyo haba, halafu maua yakipukutika, mmea huhamishiwa katika udongo wa shamba na kumwagiliwa maji kila asubuhi kama sukuma wiki. Mizizi hukosa hewa ikaoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa, kwa hivyo majani hunywea. Nasi tukiona yamenywea twadhani ni kiu, twaongeza maji! Hapo ndipo tunapoimaliza.

Je, itaponaje? Ing'oe taratibu na uondoe udongo wote. Mzizi mzima ni mgumu ukiubonyeza. Uliooza ni laini na wa hudhurungi. Pitisha wembe kwenye moto, kisha kata yote iliyooza. Iache mahali penye kivuli siku nzima ili vidonda vikauke.

Katakata makumbi vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Yaloweke katika maji baridi kwa siku kadhaa, ukibadilisha maji kila siku, kwa maana makumbi ya pwani huwa na chumvi, hasa yale yaliyofukiwa kwenye tope la bahari ili kutengenezea kamba. Chumvi huunguza mizizi. Changanya makumbi hayo na makaa ya jikoni ambayo hayajawashwa, yaliyovunjwavunjwa na kuoshwa vumbi, pamoja na vigae vya chungu. Tumia chombo chenye matundu mengi, na ufunge shina kwenye kijiti lisitikisike.

Makumbi hushika maji. Makaa hayashiki sana, lakini hayaozi. Basi mkazi wa Mombasa, kwenye hewa yenye unyevu, azidishe makaa. Wa Nairobi azidishe makumbi, ila apunguze maji katika baridi ya Juni na Julai. Mwagilia pale tu unapohisi kwa kidole kwamba juu pamekauka, na maji yasituame katikati ya majani. Mbolea ingoje hadi mzizi mpya uchomoze ncha yake ya kijani. Huenda ukangoja miezi.

Jambo la mwisho, na ndilo kubwa. Okidi yako ikifa, usishawishike kununua iliyobanduliwa msituni. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, na huko porini haioti bila kusaidiwa na kuvu maalumu. Huchukua miaka mingi hadi itoe ua. Jamii nzima ya okidi imo katika orodha za CITES, mkataba wa 1973 unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Anayebandua moja mtini kwa dakika moja huharibu kazi ya miaka.

Kwa hivyo iuguze hiyo uliyo nayo. Wembe, makaa na makumbi machache havigharimu sana, na msitu utabaki na vyake.